Jua la Nyanda za Baridi: Kumkinga Mtoto Awapo Shuleni

Asubuhi za Juni na Julai, kengele ya mapumziko inapolia katika shule za Mbeya na Iringa, wanafunzi hutoka madarasani wakiwa wamejikunyata ndani ya sweta, wakaenda kujipanga ukutani upande wa mashariki ili kuota jua. Ni mazoea ya miaka mingi, na kwa watoto walio wengi hayana ubaya mkubwa. Lakini iwapo katika safu hiyo yumo mtoto mwenye ualbino, dakika zile thelathini, zikirudiwa kila siku ya shule kwa miaka saba, ni sehemu ya safari inayoweza kuishia katika wodi ya saratani. Somo hili linawahusu wahudumu wa afya, wazazi na walimu wa Nyanda za Juu Kusini. Linaeleza kwa nini jua la huku hudanganya, nani wa kukingwa kwanza, na nini kifanyike kwa gharama ndogo.

Kwa nini baridi hudanganya

Jua hutuletea mionzi ya aina nyingi. Ile inayotupa joto si ile inayounguza ngozi. Mionzi inayounguza, iitwayo urujuanimno, haionekani wala haihisiki inapoingia mwilini. Mtu huitambua saa kadhaa baadaye, ngozi ikishakuwa nyekundu na kuuma. Hivyo upepo baridi wa Mbeya haupunguzi mionzi hiyo. Humwondolea mtoto ile hisia ya joto ambayo ingemkumbusha kutafuta kivuli. Mawingu mepesi nayo hupitisha sehemu kubwa ya mionzi.

Mwinuko huongeza tatizo. Kwa kila mita 1,000 za kupanda juu ya usawa wa bahari, mionzi hii huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja hupungua. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na Mbeya takriban mita 1,700. Kwa hiyo mtoto wa Mbeya, ambaye hatoki jasho, hupata mionzi mikali kuliko mwenzake wa Dar es Salaam anayelalamikia joto katika saa ileile.

Kipimo kisichohitaji chombo ni kivuli. Mtoto na asimame wima uwanjani: kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye, mionzi ni mikali. Hata katikati ya Juni, jua likiwa limeelekea kaskazini, kivuli cha adhuhuri mjini Mbeya hufikia takriban theluthi mbili tu za kimo cha mtu. Hakuna mwezi ulio salama.

Nani akingwe kwanza

Kila mtoto hunufaika na kivuli, maji ya kunywa na kofia. Hata hivyo, ngozi nyeusi ina rangi ya asili, melanini, ambayo humkinga mwenye nayo kwa kiasi kikubwa. Mtoto mwenye ualbino hana rangi hiyo, au anayo kidogo mno. Nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, kiwango kikubwa kuliko cha nchi nyingi duniani. Uchunguzi wa Luande na wenzake, uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985, ulionyesha kuwa madhara ya jua kwa watu hawa huanza katika miaka ya mwanzo kabisa ya maisha. Saratani inayomkuta kijana, basi, huwa imepandwa alipokuwa mtoto, na shule ni mahali anapotumia saa nyingi za utoto wake.

Wapo pia wengine wanaohitaji uangalizi: wenye mabaka meupe ya ngozi, na wanaotumia dawa zinazoongeza wepesi wa kuungua, kama vile doksisaiklini. Mhudumu anapotoa dawa hiyo kwa mwanafunzi, asisahau kumwambia mzazi habari ya jua.

Siku ya shule, saa kwa saa

Saa zetu hufuata majira ya Afrika Mashariki, lakini Mbeya iko mbali magharibi. Ndiyo sababu jua la huku hufika utosini baadaye kuliko la pwani: kati ya saa 6:30 na saa 7:00 mchana, kutegemea mwezi. Huo ndio wakati ambao shule nyingi huwatoa watoto kwa chakula cha mchana. Kipindi cha hatari huanza yapata saa 3:30 asubuhi na kuendelea hadi saa 9:30 alasiri.

Kutokana na hayo, uongozi wa shule unaweza kufanya mambo yafuatayo bila kusubiri fedha:

1. Usafi wa mazingira, kazi za shamba na michezo vifanyike asubuhi mapema. Mtoto mwenye ualbino apewe kazi ya ndani inayolingana na ya wenzake, asionekane kuwa amesamehewa.
2. Foleni ya chakula ipangwe chini ya mti au upenuni. Anayetaka kuota jua aote kabla ya vipindi kuanza.
3. Adhabu ya kusimama au kupiga magoti juani iondolewe kabisa.
4. Mtoto mwenye ualbino huwa pia na uoni hafifu. Aketi mbele karibu na ubao, mbali na dirisha linaloingiza jua.
5. Miti ya kivuli ipandwe sasa. Atakayeingia darasa la kwanza mwakani atakikuta kivuli kabla ya kumaliza shule.

Nguo kwanza, mafuta baadaye

Kinga iliyo bora na rahisi ni nguo: shati la mikono mirefu lenye kola, suruali au sketi ndefu, soksi, na kofia pana inayofunika masikio na shingo. Kofia ya kapelo huacha masikio na kisogo wazi, mahali ambapo vidonda huanza mara nyingi. Kitambaa kipimwe kwa kukiinua kwenye mwanga: kikipenyesha mwanga mwingi, hupenyesha mionzi pia. Sweta iliyochakaa na kuachia nyuzi haitoshi peke yake.

Mafuta ya kukinga jua yapakwe pale ambapo nguo haifiki: uso, masikio, shingo na migongo ya mikono. Yachaguliwe yenye nambari 30 au zaidi baada ya herufi SPF, yapakwe robo saa au nusu saa kabla ya kutoka, na yarudiwe kila baada ya saa mbili. Yanayopakwa nyumbani alfajiri huwa yamekwisha nguvu ifikapo mapumziko. Mtoto aende na chupa yake shuleni. Mtoto aliyevaa vema hutumia mafuta kidogo, na chupa moja hudumu. Mafuta ya kawaida ya kupaka, hata yang'ae vipi, hayazuii mionzi. Hapa nchini yapo Kilimanjaro Sunscreen, yaliyobuniwa Moshi kwenye Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Kwa mhudumu wa afya

Kila mtoto mwenye ualbino achunguzwe ngozi yote angalau mara moja kila miezi sita. Tafuta mabaka makavu yanayokwaruza kama msasa, midomo iliyopasuka bila kupona, uvimbe unaotoa damu, na kidonda chochote kilichodumu zaidi ya mwezi mmoja. Mabaka ya mwanzo huondolewa kwa kugandishwa au kwa upasuaji mdogo. Yakiachwa, yanaweza kuwa saratani. Usimpe mgonjwa krimu na kumwambia asubiri: mpe rufaa kwa mtaalamu wa ngozi.

Mtoto aliyeungua aondolewe juani, apozwe kwa maji baridi, anyweshwe maji na apewe parasetamoli. Asipakwe dawa ya meno wala mafuta. Akiwa na malengelenge mengi, homa au kutapika, apelekwe kituo cha afya.

Mara nyingi kikwazo ni kanuni ya sare. Barua fupi ya mhudumu huweza kukiondoa:

"Mwalimu Mkuu, mwanafunzi huyu ana ualbino. Kwa sababu za kitabibu anahitaji kuvaa kofia pana na mikono mirefu wakati wote awapo nje, kupaka mafuta wakati wa mapumziko, na kuketi mbele darasani. Naomba walimu wote wa zamu wafahamishwe. Niko tayari kufika shuleni kutoa maelezo."

Maswali ya kujipima

Je, saa ngapi watoto wa shule iliyo karibu nawe hupanga foleni ya chakula, na wapi? Je, katika eneo lako, ni watoto wangapi wenye ualbino ambao ngozi zao hazijachunguzwe mwaka huu? Na yupi kati yao bado huvaa kapelo kwa sababu hakuna aliyemwandikia barua?