Mji Ukijaa Watu, Tulinde Maji

Ndugu, mji ukijaa watu upesi, uchafu wa mmoja huingia katika kikombe cha mwingine. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kwa siku chache. Kuchimba vyoo katika mawe ya volkano kulikuwa kugumu. Wengi walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila kuyachemsha, na kolera iliua maelfu.

Basi, chemsha maji ya kunywa. Nawa mikono kwa sabuni ao majivu. Mtu akiharisha maji, mnyweshe lita 1 ya maji safi yenye sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, ukimpeleka hospitali upesi.

Soma Kumbukumbu la Torati 23:12-13. Kufunika uchafu wako ni kumpenda jirani.