Namna Bingwa wa Besiboli Apatikanavyo Marekani

Katika mashindano yetu ya mtoano, timu ikishindwa mara moja hurudi nyumbani. Katika besiboli ya Marekani sivyo. Timu mbili hukutana mara kadhaa, na anayeendelea ni yule aliyeshinda michezo mingi zaidi.

Timu zote ni 30, nusu katika Ligi ya Marekani na nusu katika Ligi ya Taifa. Kila ligi ina makundi matatu: Mashariki, Kati na Magharibi. Kila timu hucheza michezo 162. Tangu mwaka 2022, kila ligi hutoa timu 6: washindi watatu wa makundi, na timu tatu nyingine zilizoshinda zaidi ya wenzao.

Duru ya kwanza: Washindi wawili bora wa makundi hupumzika. Timu ya 3 hukutana na ya 6, na ya 4 hukutana na ya 5. Ushindi ni michezo 2 kati ya 3, yote katika uwanja wa timu iliyo juu.

Duru ya pili: Waliopumzika huingia. Ushindi ni michezo 3 kati ya 5.

Duru ya tatu: Ushindi ni michezo 4 kati ya 7. Hapo kila ligi hupata bingwa wake.

Duru ya nne: Mabingwa hao wawili hukutana, 4 kati ya 7. Fainali hii, World Series, ilianza mwaka 1903.

Msomaji ataona ya kuwa 3, 5 na 7 ni namba witiri. Hazigawanyiki sawa kwa wawili. Kwa hiyo lazima mmoja azidi. Tena aliyepumzika huhitaji ushindi 11 tu (3+4+4), na asiyepumzika huhitaji 13.

Je, ni haki? Mwaka 2023 Atlanta ilishinda michezo 104, Baltimore 101 na Los Angeles Dodgers 100. Zote tatu zilitolewa katika duru ya pili. Fainali ilichezwa na Texas iliyoshinda 90 na Arizona iliyoshinda 84, na Texas ikatwaa kombe kwa 4 kwa 1.

Wengine husema huko ni kuwadhulumu waliofanya kazi mwaka mzima. Mimi naona michezo 162 hupima subira, na duru hizi hupima moyo siku ya shida. Sisi wa kidato cha nne, tunaongojea mtihani, tusidhani ya kuwa alama nzuri za mazoezi zitatujibia maswali siku hiyo.