MTOTO MGONJWA KATIKA SAFARI YA UHINDI
Somo kwa wamama wanaokuja kliniki



Siku hizi jamaa nyingi za kwetu zinasikia munganga akisema: «Huyu mtoto inafaa apelekwe Uhindi.» Mara nyingi ni ugonjwa wa moyo, ao wa figo, ao uvimbe. Baba anauza shamba, ndugu wanachanga pesa, visa inatoka. Kila mtu anafikiri juu ya operasio tu.

Lakini operasio ni siku moja. Siku zile nyingine zote mtoto anakula, anakunywa, anaumwa na mbu, anapata homa, katika inchi ambayo mama yake haijui. Na waganga wa kule, hata wakiwa na akili nyingi, hawajui inchi anakotoka mtoto. Mtu mmoja tu anajua mambo ya mtoto tangu kuzaliwa: ni wewe mama. Somo letu ni hili: namna gani mama anaweza kumlinda mtoto wake katika safari hiyo.

1. UHINDI SI MJI MMOJA

Congo yetu ni kubwa: kilometa za mraba 2.345.000. Uhindi inaipita, ni karibu 3.287.000, na watu wake ni zaidi ya milioni 1.400. Basi usiulize: «Uhindi kuko je?» Uliza: «Ule mji tunaendako, mu mwezi ule, kuko je?»

Mtu wa Delhi, upande wa kaskazini, anatetemeka kwa baridi mu mwezi wa 12 na wa 1. Usiku mtoto anahitaji kofia, soksi na blanketi. Lakini mu mwezi wa 5 na wa 6, pale pale Delhi, joto linapita digri 40. Chennai, upande wa kusini, hakuna baridi. Kuna joto mwaka muzima. Mvua pia si moja: Mumbai inanyesha sana toka mwezi wa 6 mpaka wa 9, lakini Chennai mvua kubwa inakuja toka mwezi wa 10 mpaka wa 12.

Tena, toka mwezi wa 11 mpaka wa 1 hewa ya Delhi inajaa moshi na vumbi. Mtoto mwenye ugonjwa wa moyo ao wa mapafu asitembezwe nje bure siku hizo. Muulize munganga wake.

Lugha pia ni nyingi. Sheria kubwa ya inchi inataja lugha 22. Delhi wanasema Kihindi, Chennai Kitamil, Kolkata Kibengali. Katika hospitali kubwa waganga wanasema Kiingereza. Kifaransa na Kiswahili hawasikii.

2. MBELE YA KUONDOKA

Tayarisha mufuko mumoja mudogo ambao hautatoka mikononi mwako. Usiuweke pamoja na mizigo mikubwa ya ndege. Ndani yake tia:

a) Karte ya chanjo ya homa ya manjano, ile watu wanaita «karte jone». Uhindi haina homa ya manjano, lakini mbu anayeweza kuipeleka yuko kule. Ndiyo maana wanakataza isiingie. Mtu mwenye miezi 9 ao zaidi anayetoka Congo lazima aonyeshe karte hiyo. Asiyekuwa nayo anaweza kufungiwa peke yake mpaka siku 6. Chanjo ifanywe siku 10 ao zaidi mbele ya safari. Kama una mimba, ao mtoto wako ni zaifu sana, uliza munganga kwanza. Uliza pia juu ya matone ya polio, sababu masharti yanabadilika.

b) Karte ya kupima kilo na chanjo zingine za mtoto.

c) Barua ya munganga, igeuzwe kwa Kiingereza.

d) Dawa zote za mtoto ndani ya boksi lake. Jina kubwa la boksi linabadilika toka inchi mpaka inchi. Jina la dawa yenyewe, lile dogo lililoandikwa chini, linabaki lile lile. Mganga wa kule atatafuta lile dogo.

e) Karatasi moja ambayo umeandika: jina la mtoto, siku ya kuzaliwa, kilo, ugonjwa, dawa zinazomuzuru. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa: CONGO – MALARIA. Hapa mbele utaona sababu gani.

Visa iwe ya matibabu, si ya kutembea. Sheria ya Uhindi inaruhusu watu 2 kumsindikiza mgonjwa. Na bei yote ya matibabu iombwe kwa hospitali yenyewe, kwa maandishi. Usimupe pesa mtu anayekutana na wewe njiani na kusema: «Mimi nitakupangia kila kitu.»

3. NDANI YA NDEGE

Ndege ikipanda na ikishuka, masikio ya mtoto yanauma. Munyonyeshe wakati ule, ao umupe kitu cha kunywa. Hewa ya ndege inakausha, basi umunyweshe mara kwa mara. Mtoto mwenye ugonjwa wa moyo asipande ndege mpaka munganga akubali kwamba anaweza.

Saa ya Uhindi iko mbele ya saa ya Kivu na Katanga kwa masaa 3 na nusu. Kwa hiyo uliza mapema: «Ile dawa ya asubui nitaitoa saa ngapi kule?»

4. MAJI NA CHAKULA

Kama mtoto ananyonya, aendelee kunyonya. Ndiyo chakula safi kuliko vyote katika safari.

Maji ya robinet usimupe, hata ya kusugua meno. Tumia maji uliyochemsha mwenyewe, ao ya chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa. Barafu pia ni maji: ukiogopa maji, ogopa na barafu. Chakula kiwe kimepikwa, kingali cha moto. Tunda ulimenye mwenyewe. Maziwa yachemshwe.

Chapati utaikuta, jina hilo lilitoka kule kule. Wali pia uko. Lakini pilipili ni nyingi, basi sema mapema kwamba mtoto hawezi. Wahindi wengi hawali nyama ya ngombe, na wengi hawali nyama yoyote. Mtoto wako hatakosa nguvu: dengu, maharagi, mayai na maziwa vinajenga mwili sawa na nyama.

Mtoto akianza kuhara, usingoje kesho. Munyweshe maji ya chumvi na sukari: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo ya chumvi. Vijiko visawazishwe, visijae mulima. Pakiti za ORS zinauzwa pia mu famasia za kule. Mtoto wa moyo ao wa figo, mwambie munganga siku ile ile, sababu yeye anapimiwa maji na chumvi.

Mujue kwamba dawa hii tunayowafundisha hapa kila juma ilionyesha nguvu yake kule Uhindi. Mwaka wa 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bongaon, na kolera ikawashika. Serumu ya kutia mu mishipa ikapungua. Munganga Dilip Mahalanabis akaagiza wachanganye maji, chumvi na sukari, na ndugu za wagonjwa ndio wakawanywesha kwa kikombe. Mbele ya hapo walikuwa wanakufa karibu 30 kati ya wagonjwa 100. Wakashuka chini ya 4. Mkono wa mama na kikombe, ndivyo vilivyofanya kazi.

5. HOMA: USINYAMAZE

Sikilizeni vizuri hapa, wamama.

Tuseme mtoto amefika Delhi. Siku ya 9 anapata homa. Waganga wanafikiri: labda ni kidonda cha operasio, labda mafua. Wanangoja kipimo. Lakini mbu aliyemuuma mtoto huyu ni mbu wa kijijini kwenu, usiku wa mwisho mbele ya safari. Malaria ya kwetu inajificha juma moja, mawili, na pengine zaidi, halafu inainuka. Ni ile malaria kali inayoweza kuua mtoto kwa siku chache. Munganga asiyejua unatoka wapi anaweza kuchelewa kuifikiri.

Toa ile karatasi. Onyesha kidole pale juu. Neno «Congo» na neno «malaria» yanasikilika katika lugha zote. Omba damu ipimwe siku ile ile. Usione haya, usiseme: «Wao ni waganga, wanajua.» Wanajua dawa, hawajui usiku ule wa mwisho ulilala wapi.

Kule pia kuna homa nyingine, jina lake dengue. Mbu wake anauma mchana, basi mtoto avae nguo ndefu hata mchana, na maji yasikae wazi ndani ya ndoo. Homa ikianza, usinunue aspirini ao ibuprofene, sababu zinaweza kuleta damu kutoka. Paracetamol ndiyo nzuri, kwa kipimo cha kilo zake. Kama munganga wa moyo alimwandikia mtoto aspirini, usiiache wewe mwenyewe: mwambie juu ya homa, yeye ataamua. Tumbo kuuma sana, kutapika bila kuacha, damu mu meno ao mu pua, mtoto kulegea: kimbia hospitali. Namba ya kuomba msaada kwa simu ni 112.

6. MBWA NA NYANI

Mitaani kule kuna mbwa wengi, na fasi zingine nyani. Mtoto asiwaguse, asiwape chakula. Akiumwa ao akikwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu mupeleke siku ile ile apate chanjo. Kichaa cha mbwa kikisha kuonekana, dawa ya kuponya haiko. Hata kidonda kidogo, usikizarau.

7. HESHIMA YA INCHI

Unganisha viganja viwili mbele ya kifua: ndiyo salamu. Vua viatu mbele ya kuingia nyumbani mwa mtu. Kula na kupokea kwa mkono wa kuume. Munganga akitikisa kichwa kidogo huku na huku, usivunjike moyo: mara nyingi maana yake ni «ndiyo».

Mama mwenye mimba akipimwa kwa ekografi, asiulize kama ni kijana ao binti. Sheria ya mwaka wa 1994 inakataza kule munganga kusema, kwa sababu ya watu waliotupa mimba za wasichana.

8. UKIRUDI

Kuja kliniki na makaratasi yote. Chanjo zilizopita wakati mtafuta zifanywe. Na toka usiku wa kwanza mtoto alale ndani ya musikitere, zaidi kama mulikaa kule miezi mingi: mwili unaokaa mbali na malaria unasahau kupigana nayo. Akipata homa hapa, utueleze kwamba alikuwa Uhindi. Sasa ni sisi ambao hatujui alikotoka.

MAULIZO

1. Sababu gani tunasema Uhindi si mji mmoja?
2. Maji ya chumvi na sukari yanatengenezwa namna gani?
3. Mtoto amepata homa siku ya 9. Mama atasema maneno gani mawili?
4. Mbwa amemuuma mtoto. Utafanya nini kwanza, na nini halafu?

Mama anayejua kujibu maulizo haya amfundishe mwenzake aliyekaa pembeni yake. Pengine ni yeye atakayesafiri. Safari njema, na mtoto arudi mzima.