Nyasi Bandia kwa Mwenye Mbwa: Pima Maji Kabla ya Kapeti

Nyasi bandia zimeshafika Kagera. Kwenye uwanja wa Kaitaba, pale Bukoba, ndizo zinazochezewa mpira, na siku hizi unazikuta kwenye kumbi za harusi, kwa wapiga picha na kwenye baraza za watu. Hata huku Ihembe, Karagwe, swali limeanza kuulizwa: mtu amemaliza kujenga, anataka mbele ya nyumba pawe kijani mwaka mzima, na ana mbwa wa ulinzi. Atandike?

Ua mzima, hapana. Kipande kidogo unachoweza kukiinua na kukiosha, sawa. Na kinachonifanya niseme hivyo si bei ya kapeti, ni maji.

Mkojo wa mbwa ukiingia ardhini, vijidudu vya udongo huufanyia kazi na mimea ikala. Kwenye plastiki haufyonzwi. Unabaki kwenye mashina ya nyuzi na mgongoni mwa kapeti, unageuka amonia, na jua likipanda harufu inakufuata mpaka sebuleni. Wakati wa mvua, Septemba hadi Desemba na tena Machi hadi Mei, hutaona shida kwa sababu mbingu inakuoshea bure. (Ukienda dukani Novemba ukaambiwa kapeti halinuki, hujadanganywa, umeambiwa nusu tu.) Mtihani ni Juni mpaka Agosti, tenki la mvua likiwa limebaki robo na dumu likipandishwa kilimani kwa bodaboda. Mahali anapokojoa mbwa mkubwa panataka kusuuzwa kila siku, bila kuruka. Kama kiangazi familia yako huwa inahesabu madumu ya kupikia na kuogea, jibu unalo.

Joto nalo lisipuuzwe. Mwaka 2002 watafiti wa chuo kikuu cha Brigham Young, Utah, Marekani, walipima uwanja wa nyasi bandia siku hewa ilipokuwa na takriban nyuzijoto 37, wakakuta uso wake umefika 93. Karagwe hatuna hewa ya moto kiasi hicho, ila jua letu la karibu na ikweta linapiga wima, na plastiki haina maji ndani ya kujipoozea kama jani la kweli. Weka mgongo wa mkono wako juu ya kapeti saa nane mchana. Usipoweza kuvumilia sekunde saba, nyayo za mbwa nazo haziwezi. Kulimwagia maji husaidia kwa muda mfupi tu. Hata hivyo mbwa wengi wa kwetu hushinda bandani na kufunguliwa usiku, hivyo joto litawaumiza zaidi watoto wanaocheza peku kuliko mbwa.

Usiku una shida yake. Mbwa wa ulinzi hapiti katikati ya ua, anafuata uzio, mzunguko ule ule, na akisikia panya buku chini anafukua. Kapeti lililolegea pembeni litang'olewa. Nyuzi akizimeza zinaweza kuziba utumbo, na hilo ni la kumkimbiza kwa daktari wa mifugo.

Kabla ya kulipa, omba kipande cha ukubwa wa sinia. Kigeuze uone mgongo: makapeti mengi ya mapambo hayana matundu, na lisilo na matundu halimfai mwenye mbwa hata ukipewa bure. Mwagia kopo la maji juu yake, yakituama, rudisha. Vuta nyuzi kwa vidole kwa nguvu, kama mbwa angefanya. Halafu kiweke pale mbwa wako anapopenda kuinua mguu, kikae siku nne au tano bila kuoshwa, kisha uiname unuse. Hapo ndipo utajua utakavyoishi nalo Julai.

Ukiamua kutandika, chagua nyuzi fupi, chini ya sentimita tatu, kwa sababu ndefu hushika kinyesi na hazioshiki. Kataa punje za mpira wa matairi zinazojazwa kati ya nyuzi kama za viwanjani: zinashika joto, mbwa anazibeba kwenye manyoya na kuzilamba. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kuzikomesha sokoni, ukatoa miaka minane ya mpito. Mchanga mnene uliooshwa unatosha.

Kazi yenyewe iko chini ya kapeti. Udongo wetu mwekundu ukishindiliwa haunywi maji haraka, kwa hiyo usitandike juu yake moja kwa moja. Chimba sentimita kama kumi, weka kokoto, juu yake mchanga, ushindilie huku ukiacha mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita. Mteremko uelekee kwenye migomba. Mkojo uliozimuliwa kwa maji ni naitrojeni, na mgomba haukatai. Kinyesi ni jambo jingine: kiokote kila siku, kizike mbali na mboga na kisima, maana kina minyoo. Pembeni kandamiza kwa mawe au matofali, na vigingi viwe vya chuma. Vya mti mchwa watavimaliza.

Harufu ikishaanza, siki iliyochanganywa na maji mara mbili yake hupunguza makali, halafu suuza. Jiki usimwage kabisa juu ya mkojo. Ikikutana na amonia hutoa hewa yenye sumu, kwako na kwa mbwa.

Mimi ningepanda ukoka. Au kikuyu, nyasi inayopenda nyanda za juu kama hizi, ila iwekee mpaka wa mawe maana inatambaa mpaka shambani. Panda vipande mvua zinapoanza, zishike kabla ya kiangazi. Ni kweli mkojo huunguza: utaona duara la njano lenye ukingo wa kijani iliyokolea, katikati naitrojeni imezidi, pembeni imekuwa mbolea. Kopo la maji mara tu baada ya mbwa kukojoa huokoa pengi, na palipokufa unachomeka vipande vipya. Njia yake ya kando ya uzio usigombane nayo, imwagie moramu. Kisha mpe kona ya mchanga, mita moja kwa mbili. Weka hapo udongo wenye mkojo wake, umpeleke kwa kamba kila jioni kabla ya kumwachia, na umsifu akifanya. Mbwa anaelewa haraka kuliko tunavyomdhania.

Watu husema bandia inaondoa kupe, viroboto na funza. Kwa kiasi fulani ni kweli, ukilinganisha na majani marefu na vumbi. Lakini kupe wa mbwa hujificha pia kwenye nyufa za ukuta na mbao za banda, na kapeti haliwafikii huko. Mwogeshe kwa dawa atakayokuelekeza ofisa mifugo wa kata, na umwulize hapo hapo kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kuna jambo moja muuzaji hatalisema. Kwenye nyumba za msonge, Wahaya na Wanyambo walitandaza nyasi sakafuni. Zikichakaa zinakwenda migombani, zinaletwa nyingine. Kapeti la plastiki likishachoka, baada ya miaka kumi hivi au mapema zaidi kwa mbwa mfukuaji, linakwenda wapi? Nchi ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, na roli moja la kapeti ni mifuko mingi mno. Kulichoma uani ni kuvuta moshi mbaya. Kulifukia shambani ni kuliacha likutane na jembe la mwanao.

Kama umeshanunua, usilitupe. Likate vipande vya mita mbili, vitandike barazani kwenye sakafu ya saruji yenye mteremko, bila gundi, ili Jumamosi uvikunje na kuviosha pamoja na ndoo. Mbwa mwachie ua wa udongo na ukoka, na mlango wa baraza uufunge kabla hujamfungulia.