Kitenzi na Kifaa: Lugha ya Kutambua Hitilafu za Ruta Mitaani Eastlands

Utangulizi

Mjadala wa istilahi za teknolojia ya habari katika Kiswahili umejikita zaidi kwenye nomino. Shule za Kenya zimefunza tarakilishi ilhali Tanzania imeshikilia kompyuta. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya afisi iliyotumia Kiswahili, ikadhihirika kwamba majina ya vitu yanaweza kupatikana. Hata hivyo, jina la kifaa halielezi ugonjwa wake. Makala haya yanashikilia kwamba hitilafu hutambulika kwanza kupitia kitenzi na minyambuliko yake, na kwamba kosa la kitenzi laweza kumgharimu mtu mali yake.

Mazingira

Mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama vile Kaloleni, Buruburu, Umoja, Kayole na Kariobangi, inafahamika sana katika isimujamii kwa sababu ya Sheng. Mitaa hiyo pia ni makao ya mafundi. Tangu nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti imeendelea kuenea madukani na nyumbani, na ruta, yaani kifaa kinachoelekeza data njia ya kupita, imejiunga na redio na simu kwenye meza ya fundi. Mteja hafiki pale na jina la kitaalamu. Hufika na sentensi.

Kauli za mteja kama dalili

Zichunguzwe sentensi tatu. Ya kwanza ni "mtandao umekatika". Hali ya timilifu inaonyesha tukio lililokamilika: huenda waya umekatwa, malipo ya huduma yamekwisha, au adapta ya stima imeungua. Ya pili ni "mtandao unakatikakatika". Uradidi wa kitenzi unaashiria jambo linalokwenda na kurudi, na fundi hodari huanza kwa kukagua soketi iliyolegea, waya uliopindwa au mawimbi dhaifu. Ya tatu ni "ruta inajizima". Kiambishi cha kujirejea -ji- kinadokeza kwamba hakuna aliyegusa swichi. Hivyo hushukiwa joto la kupita kiasi au adapta isiyotoa umeme wa kutosha.

Aidha, kauli ya kutendeka hutofautiana na ya kutendwa. "Imezimika" haina mtenda. "Imezimwa" inaye, hata asipotajwa. Mteja anaposema "mipangilio imefutika", swali la fundi linapaswa kuwa: imefutika au imefutwa? Huenda mtoto alibonyeza kitufe cha kuirejesha ruta katika hali ya kiwandani, na kifaa hakina ubovu wowote.

Data zimepotea au hazifikiki?

Hapa ndipo hatari ilipo. Chukuliwe mfano wa afisi ndogo ya chama cha akiba mtaani Umoja, ambayo kumbukumbu za wanachama zimewekwa katika kifaa cha hifadhi kinachotumiwa na kompyuta kadhaa kupitia ruta. Asubuhi moja folda hazionekani. Karani anatangaza, "Data zimepotea." Fundi akilipokea tamko hilo bila kulipima, huenda akaiandaa upya diski ili ianze kazi, na kumbukumbu zilizokuwa salama zikafutwa kwelikweli. Kauli sahihi ilikuwa "data hazifikiki". Kilichokufa ni njia. Mzigo ungali ghalani.

Jaribio la kutenganisha mambo hayo mawili ni jepesi. Taa za ruta zitazamwe. Zisipowaka, adapta ipimwe. Waya ubadilishwe kwa mwingine unaojulikana kuwa mzima. Kompyuta iliyozoea mawimbi iunganishwe na ruta kwa waya: folda zikionekana, shaka inahamia kwenye mawimbi au mipangilio yake. Zisipoonekana, kifaa cha hifadhi kiunganishwe moja kwa moja na kompyuta, anwani zao zikiwa zimelinganishwa. Folda zikifunguka, hifadhi imeondolewa lawama. Diski isiguswe kabla ya hatua hizo.

Kubadilisha kifaa

Ikithibitika kwamba ruta yenyewe imeharibika, mpangilio wa kazi nao hufuata vitenzi. Nakala ya mipangilio ihifadhiwe iwapo kifaa bado kinaitika. Kila waya uwekewe alama kabla ya kuchomolewa. Adapta ya ruta mpya isibadilishwe na ya zamani kwa kuwa tu vichwa vyake vinafanana, kwani ya volti 9 na ya volti 12 zaweza kuingia tundu moja. Kisha nyaya zichomekwe, mipangilio irejeshwe, na kila kompyuta ijaribiwe. Katika vituo vikubwa vya data, hifadhi huwekewa njia mbili ili moja ikichomolewa nyingine iendelee kubeba mzigo. Afisi ya mtaani yenye njia moja hailazimiki kusubiri hitilafu ili ianze kuweka nakala ya data mahali pengine.

Mwanafunzi wa sarufi atambue jozi chomeka na chomoa. Kiambishi -ek- katika chomeka si cha kutendeka, kwa maana anayechomeka hutenda. Nacho -o- katika chomoa ni cha kutendua. Jozi hiyo inaeleza kuingiza na kutoa bila kuhitaji istilahi mpya.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba Kiswahili hakikosi zana za kufunzia ukarabati wa mitandao. Kinachokosekana ni miongozo iliyoandikwa na watu wanaojua sarufi wakishirikiana na wanaojua kifaa. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ya kuanzisha kazi hiyo kwa kukusanya vitenzi vya mafundi wa Kariobangi na Kayole, kuvipanga kwa dalili na tiba, na kuvirudisha kwao vikiwa vimesanifiwa. Fundi anayetofautisha kupotea na kutofikika ataokoa daftari la akiba la watu wengi.