SOMO LETU: GURUDUMU LILILOGONGA



Msimu wa karafuu unapofika, wengi wetu hupakia magunia katika keria za baiskeli. Kwa hivyo yafaa tuwaeleze jambo tulilojifunza mbali na visiwa vyetu, huko Mkoa wa Mara.

Tulitoka Musoma kwa baiskeli kwenda Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Kijana mwenyeji wetu alipakia gunia la dagaa. Njiani gurudumu lake la mbele lilitumbukia shimoni kwa kishindo. Akashuka, akabonyeza tairi, akaona upepo umo, akapanda tena. Nasi hatukusema neno. Tulipoteremka mlima akafunga breki. Gurudumu likajikunja, akaanguka, mkono ukateguka.

Siku ya pili tulipakia baiskeli ile garini mpaka Bunda kwa fundi. Akatuonyesha spoki tatu zilizokatika na ringi iliyopasuka penye matundu ya spoki. Akasema, "Wazee wangu, mlipima upepo, hamkupima gurudumu." Maneno hayo yalituingia. Basi baiskeli ikigonga jiwe, shimo au chombo kingine, fanyeni hivi:

1. Teremsheni mzigo, mpindue baiskeli isimame juu ya kiti na usukani.

2. Shikizeni kijiti kwenye uma, ncha yake ikaribie ringi, kisha zungusheni gurudumu polepole. Ringi ikikaribia kijiti na kukiacha, imepinda upande. Ikipanda na kushuka, imebonyea. Breki za vyuma za baiskeli zetu za kizamani hukaza ringi kwa ndani, hivyo penye bonde breki huweza kukamata ghafula.

3. Bineni spoki mbili mbili kwa vidole, mzunguko mzima. Iliyolegea hujulikana mara moja. Baiskeli nyingi za kizamani zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, na nyingine 36 kila gurudumu. Moja ikikatika, jirani zake hubeba kazi yake, nazo hufuata.

4. Pitisheni kitambaa juu ya ringi, pande zote mbili. Penye ufa kitanasa. Tazameni sana penye matundu ya spoki na penye kiungo.

5. Kagueni ubavu wa tairi kama umekatika au umevimba. Mpira wa ndani ukiwa na matundu mawili yaliyokabiliana, kama alama ya meno ya nyoka, ujue ulibanwa baina ya jiwe na ringi. Basi usizibe tu. Irudie ringi uitazame.

6. Shikeni gurudumu mlisukume kushoto na kulia. Likicheza, ekseli au gololi zina dosari. Kazeni nati zake.

7. Itazameni uma kwa ubavuni. Miguu yake ikiwa imerudi nyuma, au rangi imekunjamana karibu na shingo ya fremu, msiipande.

Gurudumu lililopinda kidogo, spoki zote zikiwa nzima, fundi aweza kulinyoosha kwa kukaza na kulegeza spoki. Spoki iliyokatika ibadilishwe. Lakini ringi yenye ufa haina dawa ila mpya, na uma uliopinda usigongwe kwa nyundo ukarudishwa kazini. Chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa huweza kukatika bila taarifa.

Baada ya ukaguzi, jaribuni kwanza bila mzigo, mahali tambarare, mkifunga breki mara kadhaa. Mkiwa na shaka, kokoteni baiskeli kwa miguu. Kazi yote hii haizidi dakika chache. Yule kijana wa Mara alikaa wiki nyingi mkono ukiwa umefungwa, nasi tuliokuwa naye twajua kwamba tungemzuia kwa neno moja. Mwanachama akimwona mwenziwe amegonga na anataka kupanda tena, asinyamaze kama tulivyonyamaza sisi.