KUIPOZA REDIO KUUKUU YA VALVU

Mwaka huu nimeonelea nisiandike insha ya ajali ya matatu wala ya mapenzi. Nataka nikufunze jambo nililojifunza kwa mikono yangu, tena kwa aibu, nyumbani kwa mzee jirani yetu ambaye mtaa mzima tunamwita Babu.

Babu ni mwanaredio wa ridhaa, yaani huzungumza na wenzake wa nchi za mbali kwa redio, si kwa biashara bali kwa kupenda tu. Kazi hii haifanywi kiholela. Hapa Kenya lazima uwe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na jina lako la hewani huanza kwa 5Z4. Redio yake ni Yaesu FT-101E iliyoundwa Japani miaka ya 1970. Sehemu kubwa ya redio hiyo ni transista, lakini pale mwisho, sauti inapotiwa nguvu za kuruka hewani, kuna valvu mbili za kioo ziitwazo 6JS6C. Valvu hizi zilibuniwa kwa ajili ya televisheni za zamani. Televisheni za valvu zilipokwisha, viwanda navyo vikaacha kuziunda. Babu alikuwa amebaki na jozi moja tu ya akiba, ameifunga kwa gazeti na kuiweka kabatini kama dhahabu.

Siku moja aliniruhusu nizungushe vifundo. Redio haikuwa na antena. Ilikuwa imeunganishwa na mzigo bandia, yaani rezista kubwa inayomeza nguvu zote zisitoke hewani. Akaniambia, "Mjukuu wangu, usipitishe sekunde 10, kisha uachilie." Mimi nami nikakodolea macho sindano ya mita, hesabu ikanitoka. Kupitia matundu ya kifuniko niliona wekundu kama kaa la jiko. "Achilia!" Babu akapaaza sauti. Nilikuwa nimechelewa. Sindano iliyokuwa ikifika wati 100 sasa iligota kwenye 70. Babu hakunigombeza. Alisema tu, "Basi sasa utanisaidia kuipoza."

Joto hutoka wapi?

Hebu tutumie fizikia yetu ya darasani: nguvu ni volti mara ampea. Waya wa kupasha moto ndani ya kila valvu hutumia volti 6.3 na ampea 2.25, yaani wati 14 hivi. Zikiwa mbili ni wati 28, hata kama hujasema neno!

Unapotuma ishara za Morse, valvu hizo hupokea wati 180. Zikitoa wati 100 kwa antena, wati 80 zinazobaki ni joto, yaani 40 kwa kila valvu. Lakini sahani ya valvu, au anodi, imekadiriwa kubeba wati 30 tu. Ndiyo maana hutumwa kwa vipindi vifupi. Na je, vifundo visipokuwa mahali pake? Karibu wati zote 180 hugeuka joto, 90 kwa kila valvu, mara tatu ya kipimo. Hilo ndilo kosa nililofanya.

Kabla ya kufungua

Ndani ya redio hii mna volti 600 hivi. Hizo huua. Chomoa plagi ukutani, si kuzima swichi pekee. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hivyo subiri, kisha uutoe umeme huo kwa rezista yenye mpini usiopitisha umeme, halafu uhakikishe kwa mita. Mkono mmoja uwe mfukoni. Nawe mwanafunzi mwenzangu usijaribu peke yako. Mimi nilisimamiwa na mjuzi.

Kuweka feni

Tulitumia feni ndogo ya kompyuta, milimita 80, ya volti 12. Babu alikataa katakata kutoboa redio, maanake tundu halizibiki, na chombo cha kale hupoteza thamani. Tulikunja kipande cha bati kikashika feni nyuma ya valvu, tukaweka vipande vya tyubu ya baiskeli katikati ili isitetemeshe sanduku. Tuliielekeza ivute hewa moto nje. Ikipuliza ndani, joto husukumwa hadi kwenye saketi inayotengeneza masafa, na masafa yakianza kuhama, unayezungumza naye anakupoteza.

Kwa volti 12 feni ilivuma kama nyuki na maikrofoni ikaisikia. Tukataka volti 8. Zinazopaswa kupunguzwa ni 4, na mkondo tulioupima ulikuwa ampea 0.1. Gawanya 4 kwa 0.1 upate omu 40. Tulipata rezista ya omu 39, ya wati 1, kwa fundi wa jua kali. Umeme wa feni ulitoka kwenye adapta ya nje.

Marekebisho mengine

Kwanza, umeme wetu ni volti 240. Transfoma iliyofungwa kwa volti 220 itatoa zaidi ya inavyotakiwa: 6.3 mara 240, gawanya kwa 220, ni volti 6.87. Valvu huzeeka upesi. Babu aliangalia na kufunga kwenye kituo cha juu zaidi kilichopo.

Pili, kapasita kuukuu za umeme wa juu hukauka na kuvuja. Tulibadilisha mbili kabla hazijapasuka. Tatu, tuliweka plagi ya pini tatu yenye waya wa ardhi, na fyuzi ya kipimo sahihi.

La mwisho halikugharimu hata senti. Nyanya alikuwa ameipamba redio kwa kitambaa cha kufuma, kile kile kizibacho matundu ya juu! Tulimwomba akihamishie kwenye kochi.

Tulipomaliza, Babu alitoa ile jozi kabatini. Awali huwezi kuweka kiganja juu ya kifuniko ukahesabu hadi tano, sasa kinakaa. Kisha akanisogezea kiti. "Zungusha wewe." Mikono ilinitetemeka, lakini safari hii nilihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu... Nilipofika nane, sindano ilikuwa kwenye 100, nami nikaachilia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa valvu 6JS6C hauna fundi.

Zoezi: Feni ya volti 12 inavuta ampea 0.08 ikipewa volti 9. Ni rezista ya omu ngapi itakayohitajika? Jibu umpelekee mwalimu wa fizikia, lakini ulieleze kwa Kiswahili sanifu!